Mstari Ambao Simu Haikuusoma

Kijiko kiligonga ukingo wa bakuli mara mbili, kikatulia. Nje bado giza. Nikajua mjukuu wangu amemaliza kuoka, sasa anakusanya vyombo polepole asiniamshe, ingawa anajua nimeamka zamani.

Tunamwita Madoido. Tangu mdogo hakuweza kufunga kamba ya kiatu bila kuifanya ua. Siku hizi anaoka keki nyumbani na kuziuza kupitia ukurasa wake mtandaoni. Mimi ni fundi wake wa karanga: namenya, nakaanga, nasaga. Mshahara wangu ni makombo ya pembeni.

Nilimkuta jikoni ameegemea beseni. Keki ilikuwa imeshaondoka. Mwendesha pikipiki aliichukua kabla sijavaa ndala. Mteja alitaka binti yake aamke aikute mezani, maana leo anatimiza miaka saba.

“Chai yako hii, Bibi,” akasema. Aliifunika kwa kisahani isipoe, pamoja na uchovu wote ule.

Macho yangu hayaelewani tena na maandishi madogo, kwa hiyo yeye mwenyewe aliniwekea sauti ya kusoma kwenye simu. Nagusa, inasoma. Huwa nakunywa chai huku nikisikiliza alichobandika. Asubuhi hiyo simu ikataja viungo vya keki yake: unga, siagi, sukari, mayai, maziwa. Kisha: “Imeokwa kwa upendo.”

“Mbona umenidhulumu?” nikamwambia. “Kucha zinaniuma kwa kumenya karanga, na hata hujazitaja.”

“Zimo, Bibi. Tena ndizo nilizozipamba.”

“Simu haijasema.”

“Wewe na simu yako mnazeeka pamoja.” Akaja kunionyesha kwa kidole. Nikasogeza kioo karibu na pua. Kweli zilikuwepo: Ina karanga za kusagwa. Herufi zenye mikia na mikunjo, nzuri kama uzi wa kudarizi. Alisema kuna tovuti, unaandika maneno ya kawaida, inakurudishia yamepambwa. Alifanya hivyo makusudi ili mstari ule mtu asiupite.

“Basi isome tena,” nikasema.

Ikasoma. Unga, siagi, sukari, mayai, maziwa. Ikafika pale, ikanyamaza kidogo kama mtu anayemeza mate, ikarukia upendo.

Tukacheka. Yeye ndiye aliyeacha kucheka kwanza.

“Bibi,” akasema. “Yule mteja haoni. Naye simu ndiyo inamsomea.”

Akatafuta ujumbe wa sauti aliotumiwa juzi, akauweka tusikie wote. Sauti ya mwanamume, tulivu, ya mtu asiye na haraka na maneno yake. “Dada, nimesikiliza viungo vyako vyote, kimoja kimoja. Nimeridhika. Nina mtoto ambaye lazima niangalie anachokula. Nipo zamu ya usiku, mezani pa simu za hospitali, kwa hiyo keki mpelekee dada yangu nyumbani.”

Madoido akampigia. Simu yake imezimwa. Akampigia mwendesha pikipiki. Inaita tu, haipokelewi. Mikono yake ilikuwa bado na unga, na simu ikawa inamteleza.

“Piga namba ya hospitali,” nikamwambia. “Si yuko mezani pa simu?”

Akaitafuta, akapiga, akanipa mimi niongee.

“Hospitali, habari za asubuhi. Nikuunganishe na nani?”

“Na wewe, mwanangu. Sisi ndio wa keki.”

“Shikamoo, Mama. Imefika salama?”

Sikumzungusha. Nikamwambia ina karanga, imeandikwa lakini simu haisomi, na tumegundua sasa hivi.

Nilisikia simu nyingine zikiita mezani kwake, moja, kisha nyingine, naye hazigusi.

“Zinamfunga koo,” akasema. “Mara ya mwisho nusura tumkose. Usikate, Mama.”

Nikamsikia akipiga nyumbani kwake kwa laini ya pili. Iliita mpaka ikakatika. Akapiga tena. Alisema dada yake huacha simu chumbani ikichaji, naye akiwa jikoni hasikii kitu. Mtoto huamka saa hizi hizi kujiandaa na shule.

“Mnakaa wapi?” akaniuliza.

Nikamtajia. Ilikuwa mitaa miwili tu kutoka kwake. Madoido alishafungua mlango.

Tukatoka mguu niponye, yeye mbele, mimi nyuma na simu sikioni. Mteja akatuelekeza njia kama anavyoijua yeye. “Nendeni mpaka msikie friji la bucha likinguruma. Hapo kateni kulia. Mtasikia harufu ya mbao mbichi, ni karakana ya seremala. Mbele yake kuna lango la bati linalolia kwa upepo. Ndipo kwangu.”

Friji nikalisikia, nikampigia Madoido kelele akate kulia. Kwenye karakana kulikuwa na uzio, na njia ya kuuzunguka ilikuwa ndefu. Mlinzi wa karakana alituona, bibi kizee na msichana mwenye unga mpaka kwenye nyusi. Hakuuliza tunatoka wapi. Akatufungulia tukatize ndani, akamulika tochi chini ili nisijikwae kwenye vipande vya mbao. Sikupata nafasi ya kumshukuru.

“Mmefika wapi, Mama?”

“Naliona bati.”

“Linalia?”

“Linalia, mwanangu.”

Madoido alikuwa ameshaingia bila hodi. Nikafika mlangoni nyuma yake. Taa inawaka. Keki iko mezani, imekatwa, na kipande kiko kwenye sahani mbele ya mtoto aliyevaa sweta la shule. Shangazi yake amesimama na kisu mkononi, anamtazama Madoido kama mwizi.

“Amekula?” Madoido akauliza. “Dada, amekula?”

“Wewe nani?”

“Ina karanga.”

Kisu kikaanguka. Shangazi akamshika mtoto taya, akamfungua mdomo kama anayetafuta jino bovu. “Umekula? Sema.”

Mtoto akatikisa kichwa kukataa. Ndipo nikaona kwamba amekalia mikono yake yote miwili.

“Nilikwambia namsubiri Baba,” akasema. “Baba hajaigusa.”

Shangazi akakaa chini pale pale sakafuni. “Nimembembeleza mpaka nikachoka,” akasema. “Nikamwambia kula kipande kimoja, utachelewa shule. Anasema keki lazima baba yake aisome kwanza kwa vidole, ajue ikoje, ndipo wale pamoja.”

“Toa mikono,” nikamwambia mtoto.

Akaitoa. Kwenye kidole kimoja kulikuwa na krimu.

“Hii?”

“Niliipapasa tu kama Baba. Sijalamba. Ndiyo maana nikaikalia mikono.”

Madoido akambeba mpaka kwenye bomba, akamsugua kwa sabuni, vidole na kucha, huku machozi yakimdondokea mtoto kichwani.

Nikarudisha simu sikioni. Alikuwa bado yupo.

“Hajala,” nikamwambia. “Alikuwa anakungoja wewe.”

Akavuta pumzi ndefu iliyokatika katikati. Simu nyingine ikaita mezani kwake, naye safari hii akaipokea. “Hospitali, tafadhali subiri kidogo,” akasema, na sauti ile nzuri ikampasuka.

Alikuja jua likiwa limetoka, fimbo yake ikigonga bati la lango. Tulimpa kiti. Mtoto akapanda mapajani na kumsimulia yote, pamoja na kisu kilivyoanguka. Shule hakwenda siku hiyo. Keki tulishaifunga kwenye mfuko na kuitoa nje, na meza tukaiosha mara mbili.

Madoido alipiga magoti mbele yake. “Kaka, niliandika kwa herufi nzuri ili watu waone.”

“Inuka,” akasema. “Ungebadilisha mwandiko tu, simu yangu isingejali. Mwandiko ni nguo. Herufi inabaki ile ile ndani, na simu inaiita kwa jina lake. Lakini zile za tovuti si herufi zilizovalishwa nguo. Ni alama nyingine kabisa, zilitengenezwa kwa ajili ya watu wa hisabati. Zinafanana na herufi kwa sura tu. Kila moja ina namba yake, na simu haitazami sura, inasoma namba. Simu nyingine huzitaja moja moja mpaka kichwa kiume. Yangu huziruka.”

Nikakumbuka sanamu dirishani kwa mshona nguo. Ukipita mbali utaisalimia.

Madoido akatoa simu yake. Akafuta mstari wote, akauandika upya kwa herufi za kila siku, tena akauweka juu kabisa. Mteja akaisogeza simu yake sikioni. Sote tukasikia: “Ina karanga za kusagwa.”

“Tena,” akasema. Ikasoma tena.

Madoido alisema ataoka nyingine leo leo, isiyo na karanga, na vyombo vyote atavisugua kwa sabuni na kuvichemsha. Baba wa mtoto akasema wataila jioni. Nilipoinuka kwenda, nikiwaza kupitia kwa yule mlinzi, mtoto akanishika kidole kwa mkono wake unaonuka sabuni.

“Bibi, na wewe uje nayo jioni. Nitakuonyesha Baba anavyosoma keki.”