Siku Tuliyomzika Allen kwa Kompyuta

Kaka yangu Allen alifia Kanada. Mkewe na watoto wako huko, wakaamua azikwe huko. Mimi nilinuna, sifichi. Mama yetu, Walburga, hakununa. Aliuliza jambo moja tu.

"Herieth, nitamwona akifukiwa?"

Nilijua anawaza nini. Dada yake wa Lituhi alipotelewa na mwanawe ziwani, maiti haikuonekana, na mpaka leo mtu akibisha hodi yule mama mzee anawahi mlangoni. Mama hakutaka kuishi hivyo. Nikamwambia ataona. Wifi yangu alikuwa ameshatutumia ujumbe kwamba mazishi yataonyeshwa mtandaoni, saa kumi na moja jioni kwa saa za kwetu.

Simu yangu ni ndogo na macho ya mama ni ya uzee, basi nikaenda Mbinga mjini kununua kompyuta. Mwenye duka, Adinani, alikuja nayo mwenyewe hadi kwetu Mpepai, akaifunga mezani pamoja na ruta ya kuleta mtandao. Akatoa pole, akajaribu picha, ikaenda vizuri kabisa. Nikamshukuru.

Siku ya mazishi picha haikwenda. Saa kumi kamili nilifungua ili nijaribu mapema, nikaona kiduara kinazunguka, kinazunguka, kama kuku anayetafuta pa kutagia. Nikampigia Adinani.

"Ruta iko wapi, dada?"

Nikatazama. Mama alikuwa ameihamishia ndani ya kabati la vyombo, akaifunika kitambaa cha kufuma, vile anavyofunika redio na kila kitu cha thamani humu ndani. Nikaitoa, nikaiweka dirishani. Kiduara kikaendelea kuzunguka.

"Mashine ikiwa mpya hujipakulia mambo yake yenyewe bila kukuuliza," Adinani akasema. "Angalia kwenye mipangilio, uisimamishe."

Kweli, ilikuwa inajisasisha tangu asubuhi, inakula kifurushi chetu kimyakimya. Nikaisimamisha. Picha ikasogea kidogo, sura ya padri ikatokea vipande vipande, ikaganda tena.

"Basi kuna watu wengine kwenye mtandao wako. Umempa nani pasiwedi?"

"Sijampa mtu!"

Nikachungulia uani. Mpepai nzima ilikuwa chini ya turubai letu. Watu walikuja na unga, maharage na kuni, kama inavyotakiwa, wakaketi, na kila mwenye simu ameinamia simu yake. Kwenye nguzo ya turubai kulikuwa na kipande cha boksi, na juu yake pasiwedi yetu kwa herufi kubwa. Chini yake: TUMZIKE ALLEN PAMOJA. Ulikuwa mwandiko wa katekista wetu, Nicholaus.

"Mama, nani kampa katekista pasiwedi?"

"Mimi. Mtu katoka kwake kuja kulia na mimi, nimnyime mtandao?"

Mgeni njoo mwenyeji apone, wanasema. Mimi siku ile wageni walikuwa wananiua. Sina subira, na saa ilikuwa imekaribia. Nikatoka nikapaza sauti.

"Zimeni simu zenu! Nyote! Mnamzuia mama asimwone mwanawe!"

Bibi mmoja akaanza kujifunga khanga yake vizuri, tayari kuondoka.

"Herieth, unatufukuza msibani?" akauliza.

Mama akaja akasimama mlangoni, ameshika mwimo.

"Hakuna anayefukuzwa. Kaeni, wanangu. Zimeni tu hizo simu, mimi nitaangalia, nitawaambia. Tutamzika wote."

Simu zikazimwa. Kompyuta ikafunguka hapo hapo, picha safi, mpaka pumzi za watu zikaonekana kwenye baridi. Nikaisogeza meza karibu na mlango, mama akaketi penye kizingiti, na akaanza kuwasimulia wale wa uani maziko ya mtoto wake.

"Kuna theluji. Padri amevaa koti juu ya kanzu. Wajukuu zangu wale pale, wamekua! Sanduku ni zuri, rangi ya kahawa. Wameliweka juu ya shimo, kwenye mikanda."

Nicholaus akawa anarudia kwa sauti kubwa ili wa nyuma wasikie. Niliona uchungu na fahari kwa pamoja. Mama yangu hakutetemeka.

Kisha picha ikaganda. Simu yangu ikalia: kifurushi kimekwisha. Vile mashine ilivyojilisha tangu asubuhi, na simu zote zile, hakikubaki kitu. Nikaanza kununua kingine, nikakosea namba, nikaanza upya.

Mama aliitazama ile picha iliyoganda. Akasubiri. Uani nao wakasubiri. Halafu akaipa kompyuta mgongo, akawageukia watu.

"Wanamshusha," akasema. "Polepole. Amefika chini."

Wanaume wakavua kofia.

"Mkewe ametupia udongo. Sasa watoto. Sasa vijana wameshika majembe, wanapokezana. Mmoja akichoka, mwingine anachukua. Hawaachi. Wanamfukia vizuri."

"Wanamfukia vizuri," Nicholaus akarudia, akaanzisha wimbo wa kuaga. Watu wote wakaupokea. Wengine walikuwa wamesimama, mikono imeinuka kidogo, kama waliotaka kupokea jembe.

Kifurushi kikaingia. Picha ikarudi.

Sanduku lilikuwa palepale juu ya mikanda. Watu walikuwa wanaondoka. Wifi yangu alikuwa amewashika watoto mikono, wanaelekea kwenye magari, na hakuna aliyegeuka nyuma. Hakukuwa na jembe wala udongo mkononi mwa mtu. Nilisikia baadaye kwamba huko kuna wanaofanya hivyo, jamaa huondoka kwanza na wafanyakazi wa makaburi humalizia peke yao. Sikulijua hilo wakati ule. Nilimwona tu kaka yangu ameachwa kwenye theluji.

Nikaifunika kompyuta.

"Wamesawazisha kaburi?" mama akauliza, bado amenipa mgongo.

"Wamesawazisha, mama."

"Na msalaba?"

"Wameweka."

Ndipo akalia. Alilia kwa sauti, akajiachia mikononi mwa wanawake waliomzunguka, kilio cha mtu aliyekwisha kuzika. Mimi machozi yalikataa. Allen alikuwa bado hajashushwa.