Toba ya Mutindi

Nzioka alikuwa mzee wa kanisa, na katika kijiji chao, karibu na Mutomo, mzee wa kanisa huheshimiwa kuliko hata chifu. Heshima hiyo ndiyo iliyomponza. Au tuseme ilimponza mkewe, maana yeye mwenyewe bado anakula na kulala.

Mwaka wa tisini na mbili tumbo la mke huyo, Mutindi, lilianza kujaa. Mwanzoni wanawake walimtania, ati anataka kuzaa tena ilhali binti yake Mbula ameshaolewa. Alicheka nao. Kisha mashavu yakabonyea, tumbo likazidi kutoka, na utani ukaisha. Hospitalini walimpima damu, na daktari akamwambia Nzioka kwamba dalili zote ni za saratani ya ini, ila wangempeleka Nairobi apasuliwe, wahakikishe.

Ini! Basi midomo ikafunguka. Katika kanisa lile kila mtu alijua, au alidhani anajua, kwamba kinachoua ini ni pombe. Tena Ndolo, kaka yake Mutindi, alikuwa mtengenezaji wa kaluvu, ile pombe ya kienyeji, na Mutindi alimwendea kila wiki kumpikia tangu afiwe na mke. Lisemwalo lipo, walisema, kama halipo laja.

Wazee wakakaa kikao, wakakata shauri kwamba Mutindi asishiriki meza ya Bwana mpaka atubu mbele ya watu. Nzioka alikuwa papo hapo. Neno moja lingetosha, kwamba amelala na mwanamke huyu miaka ishirini na mitatu na hajawahi kunusa pombe kinywani mwake. Hakulisema. Aliona aibu, na ukweli usemwe, alikuwa ameshaanza kushuku.

"Mama Mbula, ungama tu yaishe," alimwambia jioni ile. "Asiyetubu, kanisa halimziki."

"Niungame nini, Baba Mbula? Unajua sinywi."

"Daktari amesema ni ini."

Mutindi alitaka kitu kimoja tu kwa mumewe, amwamini, na hicho ndicho alichonyimwa. "Ina maana huniamini," alisema. Nzioka akainamia chai yake.

Jumapili Mutindi alisimama mbele, ameshikilia benchi kwa mikono miwili, akasema amekuwa akinywa kaluvu kwa siri na anaomba msamaha. Watu wakaimba kwa furaha. Nzioka akashusha pumzi. Jamani, mtu huyu alishusha pumzi!

Wiki tatu baadaye Mutindi alipasuliwa Nairobi. Daktari wa huko, mama mmoja mpole, alimketisha Nzioka, akamwambia ini la mkewe ni zima, halina hata doa. Saratani ilianzia kwenye ovari, kule yanakotengenezwa mayai ya uzazi. Ni ya aina adimu sana. Chembe zake hufanana na za ini, hata kipimo cha damu hudanganyika. Nayo ilikuwa imeshasambaa tumboni kote.

"Inaletwa na pombe?" Nzioka aliuliza.

"Pombe? Hapana, mzee. Hakuna kosa alilofanya."

Alikwenda wodini. Akapiga magoti kando ya kitanda, akamweleza mkewe yote huku akilia kwa kwikwi, akaapa kwamba wakirudi atasimama kanisani awaambie watu.

"Utawaambia nini?" Mutindi alisema. Sauti ilikuwa imebaki kidogo. "Dhambi ya kunywa sikuwa nayo. Sasa nina ya kusema uongo, tena mbele ya Mungu. Niliusema ili wewe ubaki na kiti chako kanisani. Huo nitautubu kwa nani, Baba Mbula?"

Siku ya nne Mutindi akafa.

Kaburini mchungaji alimsifu marehemu kwa kuungama mapema. Nzioka akajitokeza mbele, akasema, "Mke wangu hakuwahi kunywa. Alidanganya, na mimi ndiye niliyemtuma."

Mchungaji akamshika bega kwa upole. Akawaomba watu wamkumbuke mzee katika maombi, kwani uchungu wa kufiwa umemchanganya. Wakaitikia amina, na hakuna hata mmoja aliyemwamini.