Anachokula Bosi Mchana

Mtu mzima kununiwa na mtoto wa miezi kumi na mmoja, jamani! Mpiga pasi wa kwa dobi alirudi kila jioni hoi, akampakata mwanawe, wanayemwita Bosi kwa jinsi anavyojua kuamrisha, akamsogezea kijiko cha uji. Bosi akafumba mdomo kabisa. Lakini mashavu yamejaa tele! Kliniki nesi alimsifia: "Hongera mama, kapanda vizuri. Unampa nini?" Alijichekesha tu. Angejibu nini?

Anayeshinda na mtoto ni mama mkwe wake. Na alishaagizwa: uji laini, kwa kijiko, mtoto asichafuke. Mbona basi jioni, mlango ukigongwa tu, humnyakua Bosi sakafuni haraka haraka?

"Kuna nini, mama?"

"Hakuna kitu, mwanangu."

Hakuna kitu! Na zile nyayo? Mtoto ambaye hata kusimama hajasimama, nyayo zake zinachafukaje? Mpiga pasi akaanza kumnusa mwanawe mdomo akiwa usingizini. Akapekua hadi uvunguni mwa kitanda cha mkwewe akitafuta dawa za kunenepesha, akaambulia ndala moja. Aliogopa kwelikweli: kwamba mwanawe analishwa kitu kibaya, na kwamba moyo wa mtoto umeshahamia kwa mwingine.

Siku umeme ulipokatika kwa dobi, alirudi mchana, akapitia mlango wa uani bila hodi.

Bosi alikuwa mkekani, kifua wazi, mbele yake sahani ya viazi na maharage ya kupondwa, na yai. Alikuwa anajilisha mwenyewe. Kiganja kizima kilikuwa mdomoni, na masikio nayo yalipata mgao wao. Bibi alikaa kando, anacheka, wala hamharakishi.

Ungedhani angeona hayo akatulia. Wapi! Maneno yalikuwa yameshafika mdomoni.

"Mama, unamtilia dawa gani mwanangu?"

Mama mkwe aligeuka, uso umemshuka. "Dawa? Mimi?"

Bosi akashika kigoda, akajiinua, akasimama wima kama mzoefu. Mpiga pasi akabaki mdomo wazi.

"Tangu lini?"

"Siku nyingi," mama mkwe akasema polepole. "Jioni unarudi umechoka, naye ana usingizi. Nikasema nimzuie asisimame mpaka siku yako ya mapumziko, aanze mbele yako, ujue umeona wewe wa kwanza. Kutembea bado, haki ya Mungu."

Mpiga pasi aliona aibu hadi masikio yakawaka.

Hapo Bosi akaachia kigoda. Akayumba, akatupa mguu mmoja, halafu wa pili.

Mama mkwe alijifunika uso wote kwa khanga. "Mimi sijaona! Ona wewe, mwanangu, ona!"

Mpiga pasi alichuchumaa, akatandaza mikono. "Njoo, baba. Njoo kwa mama."

"Anakuja kwako?" mama mkwe akauliza kutoka ndani ya khanga, sauti imejaa furaha.

Bosi alishampita mama yake, na mikono yake ya maharage ilikuwa imeshakumbatia magoti ya bibi.