Kioo Kilichompanua Mama

"Simu yako ndiyo inakondesha watu," nilimwambia Cleophace. "Mama mimi namwona kila Jumapili. Amenenepa."

"Amenenepa wapi, dada? Wewe umemshika? Mimi ndiye ninayemwinua kitandani kila asubuhi!"

Mdogo wangu alikuwa amesimama katikati ya sebule yangu hapa Kiseke, hajakaa tangu aingie, simu kainyoosha mbele ya uso wangu. Kwenye picha kulikuwa na bibi mmoja amekaa kwenye kiti cha mama, amevaa gauni la mama, mashavu yameingia ndani.

"Sema tu umechoka kumtunza," nikasema. "Unataka kumshusha kwangu kama mkungu wa ndizi."

"Ndizi nimeshashusha Buswelu. Noah niliyozibebea iko nje, Projest yuko kwenye usukani, tunarudi nyumbani Muleba gari tupu. Mama angekuja na gari hilo, saa hizi angekuwa hospitali ya rufaa. Amekataa. Unajua kwa nini?"

"Kwa nini?"

"Anasema, 'Adventina ni msomi, ana kompyuta, ameniona, kasema nimenenepa. Wewe Cleophace unanitafutia ugonjwa.' Chakula hakishuki, uji unarudi, lakini mtu kanenepa kwa sababu wewe umesema! Kuolewa na mtu wa Shirati kumekupa macho ya samaki."

"Mume wangu muache huko alipo."

Sikuwa na haja ya kelele. Jumapili iliyopita nilikuwa nimehifadhi picha ya mama tukiwa kwenye video. Nikaileta laptop mezani, nikaifungua. Mama akatokea, uso wa duara, mabega mapana.

"Haya. Huyo nani?"

Cleophace aliinama, akatazama, akashusha simu yake. Nikajua nimemweza. Kisha akasema taratibu, "Huyu ni mama. Lakini kiti hiki nimekichonga mimi. Hakina upana huu."

Binti yangu Favour, aliye mwaka wa pili chuoni, alitoka jikoni akikausha mikono. "Mjomba, nitumie hiyo picha ya kwako."

Akaifungua kwenye laptop, kando ya ile yangu. Picha ileile ya kwenye simu, bibi yuleyule wa mashavu yaliyoingia ndani, akatokea ana mashavu. Favour akashika simu ya mjomba wake karibu na kioo cha laptop. Watu wawili, picha moja.

"Ni kioo chetu, mama," alisema. "Nilikwambia."

Kweli aliniambia. Miezi minane iliyopita laptop ilikuwa nzito, akaondoa Windows akaweka Linux. Wakati wa kuiweka kioo kilikuwa kinazima, ikabidi aingize neno moja la kuiambia mashine isitumie mfumo wake wa kawaida wa picha. Kioo kikawaka, lakini kila kitu kikawa kikubwa na kimepanuka. Duara likawa yai. Alitaka kuendelea kuirekebisha. Nikamuuliza, "Herufi zinasomeka?" Akasema zinasomeka. "Basi acha, nina kazi." Kusema kweli nilizipenda zile herufi. Nilisoma bila miwani. Hata mimi mwenyewe, kwenye kile kidirisha cha pembeni, nilijiona nimenenepa, nikapunguza ugali.

"Rekebisha," nikamwambia.

"Sasa hivi?"

"Mjomba wako anasubiri."

Alifungua mipangilio kwanza ili nione. Orodha ya vipimo vya kioo ilikuwa na kimoja tu, 1024 kwa 768. "Kioo chenyewe ni 1920 kwa 1080," alisema. "Kwa hiyo kinaivuta picha mpaka ijaze." Akaingia kwenye faili la kuwashia mashine, akanionyesha lile neno: nomodeset. Akalifuta, herufi moja moja. Akaandika amri, akaingiza nywila, akawasha upya.

Kioo kikawa cheusi.

"Umeiua," Cleophace akasema.

"Subiri, mjomba. Siku ile ilikuwa inagoma, lakini nimeshaisasisha mara nyingi."

Kikawaka. Kila kitu kilikuwa kidogo, kimenyooka, kikali. Sikuweza kusoma chochote. Nikaenda kuchukua miwani kwenye pochi, nikairudia ile picha yangu ya Jumapili.

Shingo ya mama ilikuwa na mashimo mawili juu ya mabega. Pete ya ndoa ilikuwa imefungwa kwa uzi ili isidondoke. Uzi ule ulikuwepo Jumapili. Nilikuwa nimeongea na mwenye uzi ule dakika ishirini.

Kila Jumapili mama huuliza jambo moja: unanionaje? Nami hujibu, umenenepa mama. Mwanzoni alikuwa anataja tumbo. Nikamwambia tumbo gani na wewe unazidi kunawiri? Akaacha kulitaja.

Nilimgeukia Cleophace. Nilitaka aseme neno baya, nimjibu. Alikuwa anatazama mlango.

"Mpigie mkeo," nikamwambia Favour, "ampelekee bibi simu." Nilikuwa nimechanganyikiwa, nilimaanisha mke wa mjomba. Alielewa, akampigia Kokulinda kwa video hapohapo kwenye laptop.

Mama alitokea kitandani, mwembamba, katikati ya kioo.

"Adventina? Leo si Jumapili."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Akavuta kitenge, akakiweka vizuri mabegani kama afanyavyo kila mara. "Haya, unanionaje?"

"Umekonda, mama. Umekonda sana. Nilikosea mimi. Kokulinda akufungie nguo, nakuja na Cleophace kukuchukua. Tunakwenda hospitali."

Aliachia kitenge.

"Kumbe," alisema. "Mwili ulikuwa unaniambia. Nikasema, msomi anaona zaidi."

"Utakuja?"

"Wewe ukisema, nitakataaje?"

Nilifunga laptop. Nikaingia chumbani, nikatoa mashuka, nikavuta godoro langu kutoka kitandani. Cleophace alishika upande wa pili bila kunitazama. Tukapita nalo mlangoni kiubavu.

"Projest," nikaita, "laza viti. Fungua nyuma."