Moshi ao Mvuke

Mitumbwi ya wazungu ilifika kijijini juu ya pikipiki, imelala, imefungwa kamba kama wagonjwa wanaopelekwa hospitali, na Mama Waridi ndiye alikuwa wa kwanza kucheka. Ilikuwa mitatu, yote ya plastiki, mifupi kuliko kitanda chake. Pitchou, kijana wa Kasongo aliyewaleta kwa njia ya Wamaza na kuwasemea Kifaransa chao, alieleza kwamba kila mutumbwi unabeba mutu mumoja.

"Na muke wake anakaa wapi?" Waridi akauliza.

"Hapana muke, bibi. Mutu mumoja tu."

"Na mizigo?"

"Mizigo inabaki kwa pikipiki."

"Basi wanavua samaki."

"Hawavui."

"Sasa wanakimbia nani?"

Pitchou akasema hawakimbii mutu. Ni raha yao. Wanapanda ndege, wanaenda inchi za wengine kutafuta mito mikali katikati ya pori. Walikwisha kuteremka ya Ecuador, wakateremka ya Uganda, na sasa walitaka Luama. Walitaka kupita Mayi ya Kelele.

Hilo ndilo jina la maporomoko yaliyo mbele ya kijiji, pale Luama inapojibana kati ya mawe na kugeuka povu. Katikati yake iko kisiwa kidogo chenye miti, na jiwe moja kubwa kama nyumba. Hakuna mutu wa kijiji aliyekanyaga kule akarudi. Waridi aliposikia jina hilo alicheka tena, lakini safari hii kwa mudomo tu.

Mume wake, Lwamba, alipotelea pale miaka makumi mbili na mbili iliyopita. Barabara ilikuwa na watu wa bunduki, akajaribu maji. Kijiji kizima kilimwona akizunguka, mutumbwi ukigeuka chini juu, halafu povu. Tangu wakati ule, mutu akiuliza habari za mume, Waridi anamjibu: "Lwamba? Iko Nyangwe, ameoa muke mwembamba. Alisema mimi ninakula sana." Mutu anacheka, anapita zake. Hicho ndicho Waridi alichotaka, kwamba apite zake.

Maana kulikuwa na neno ambalo hakumwambia mutu yeyote.

Mutu akipotea majini, kwao inafanywa hivi: siku ya tatu muke wake anasimama ukingoni, anamwita kwa jina, anamwambia aende, asirudi, mulango umefungwa. Ni kumpumzisha yeye na waliobaki. Waridi alisimama akasema yote. Siku zile alikuwa na sauti ya kuita mbuzi wa kijiji cha pili, na wazee walimsifu kwamba amefanya vizuri.

Siku ya tano, wanawake wakitwanga sombe, majani ya mihogo, akiwa ukingoni aliona kitu cheupe chembamba kinapanda juu ya miti ya kisiwa. Nyuma yake alisimama Ayoubu, mudogo wake Lwamba, kafi mukononi. Macho ya Ayoubu hayafiki mbali tangu utoto.

"Shemeji, unaona nini pale?"

Mama mukwe alikuwa amezaa watoto wanaume wane, na siku ile alikuwa amebakiwa na Ayoubu peke yake. Neno moshi lingemtia Ayoubu majini palepale, na lile povu lingemmeza kama mwenzake. Tena Waridi hakuwa na uhakika. Maporomoko yanatoa mvuke kila siku ya Mungu.

"Ni mvuke ya mayi tu," alisema.

Ayoubu akaweka kafi chini. Akaoa, akazaa, akazeeka. Na Waridi akakaa na swali lake: ilikuwa moshi ao mvuke? Alilala nalo, akaamka nalo, akalipikia chakula.

Wazungu hawakuingia majini siku ya kwanza, wala ya pili. Walikaa juu ya mawe wakitazama tu, wakionyeshana kwa vidole.

"Wamelipa ndege kuja kuangalia mayi," Waridi akamwambia Ayoubu. "Wangeniambia, ningewatumia ndoo moja."

Jioni walijaribu mitumbwi mahali maji yametulia. Walivaa sketi za mpira, wanaume wazima, wakazifunga kwenye mudomo wa mutumbwi hata wasionekane kiuno, kama mutoto aliyebebwa mugongoni. Halafu yule murefu, Pierre, akajipindua makusudi. Kichwa chini, tumbo la mutumbwi juu. Waridi akashika mukono wa Ayoubu. Akahesabu moja, mbili, tatu, na muzungu akaibuka upande wa pili, anatema maji, anacheka.

Hakuna aliyecheka naye. Waridi alikuwa bado ameshika mukono wa shemeji yake.

"Ungeniambia zamani kama unanipenda," Ayoubu akasema polepole.

"Nyamaza. Macho yako haikuona hata kitu."

"Niliona mukono wako."

Siku ile Waridi aliwapikia wazungu bugali na sombe, akawapelekea mwenyewe. Akamwambia Pitchou: "Mwambie huyu murefu kwamba nimemchagua. Nitamwoa. Lakini ananipa mahari."

Pitchou akatafsiri. Pierre akaweka mukono kifuani, akainama. Anataka nini?

"Asimame kisiwani. Atazame kama iko alama ya mutu. Basi."

"Mutu gani, bibi?"

"Mutu yeyote. Ninataka nijue kama mahali ile inafaa kujenga nyumba yetu."

Wakacheka wote. Pierre akasema atasimama.

Asubuhi kijiji kizima kilikuwa ukingoni. Mitumbwi ile ilipita pale Lwamba alipozunguka. Ilizama, ikatoka, ikazama, kama maganda ya karanga ndani ya sufuria. Kisha mumoja baada ya mwingine ikapotea nyuma ya lile jiwe la kisiwani. Ilikaa kule muda wa kupika maharagwe. Watoto walichoka, wakaenda kucheza. Waridi hakuchoka. Baadaye rangi tatu za ile mitumbwi zikaonekana tena, mbali, chini ya maporomoko, zote zikielekea upande wa kijiji.

Saa nane walirudi kwa miguu, mitumbwi begani, kufuata mizigo yao. Pierre alikuja moja kwa moja mupaka kwenye kiti cha Waridi, akachuchumaa, akatoa telefone yake na kumwonyesha picha.

Ya kwanza: chini ya jiwe, mahali mvua haifiki, mawe matatu yamepangwa. Meusi kwa ndani.

Ya pili: magamba ya konokono wa mutoni, fungu zima, kama mabaki ya karamu.

"Anasema kuna mutu alikaa kule zamani," Pitchou akatafsiri. "Anasema bibi, mahali ile imekwisha kukaliwa, utafute ingine."

Ya tatu: ukuta wa lile jiwe, umechorwa mistari kwa ncha ya kisu. Waridi aliweka kidole juu ya kioo, akahesabu kama alivyofundishwa kwa masista, mumoja mumoja bila kuruka. Kumi na kenda. Ya mwanzo mirefu, imenyooka. Ya mwisho mifupi, inalegea. Wa tatu akautazama sana. Wa tatu ulikuwa sawasawa na ndugu zake.

"Mifupa?" akauliza.

"Anasema hakuna. Ni vile tu."

Pierre akaongeza neno, anatabasamu, na Pitchou akalitafsiri vilevile anatabasamu: "Anasema kitu kimoja kiliwashangaza. Nyuma ya lile jiwe kelele ya mayi inakatika. Walisikia kijiji chote. Walisikia anayetwanga, walisikia mwazini wa musikiti, hata weye, bibi, walikusikia unagombeza mbuzi. Kila neno. Lakini wao wakiita, huku hakuna aliyejibu."

Waridi akawarudishia telefone. Akawashukuru, akawafungia ndizi za njiani. Pierre alipouliza lini ni ndoa, alimjibu kwamba atamtumia barua. Pikipiki zikaondoka na mitumbwi imelala juu yake.

Alikuwa amemwambia mume wake aende. Kwa ile sauti iliyosifiwa na wazee. Asirudi, mulango umefungwa. Na Lwamba, nyuma ya jiwe, alisikia, akachora siku ile, akachora ingine kumi na sita.

Ayoubu akaja na fimbo yake, akaketi kwenye kiti cha pili kama desturi.

"Mume wako muzungu ameenda bila kuaga wakwe," akasema. "Wamekuta nini kule?"

Jibu la zamani lilikuja lenyewe mudomoni. Mvuke. Mawe. Hakuna kitu. Ayoubu alikuwa muzee, angeweza kufa akiwa ametulia.

"Mawe matatu," Waridi akasema.

"Mawe iko mingi kule."

"Matatu. Imepangwa. Nyeusi ndani."

Fimbo ya Ayoubu ilianguka, wala hakuiokota. Waridi akamwambia mistari, akamwambia konokono. Akamwambia siku ya tano, na kitu cheupe juu ya miti, na kwa nini alijibu vile alivyojibu. Akangoja atukanwe.

Waridi akainuka. Akafunga kikwembe vizuri, kama mutu anayekwenda kwa wakubwa, akateremka mupaka ukingoni. Ayoubu akamfuata, anapapasa njia. Jua lilikuwa bado juu na maporomoko yalikuwa yanapiga kelele ileile.

"Lwamba," akaita. Sauti ilikuwa imezeeka, ikavunjika, akaanza tena. "Lwamba. Rudi. Mulango haukufungwa, nilidanganya. Rudi ukule. Yule muke wa Nyangwe hajui kupika."

Maji yakapiga. Juu ya miti ya kisiwa kitu cheupe chembamba kilipanda, kikapinda na upepo, kikapotea, kikapanda tena.

Ayoubu alikuwa nyuma yake, mahali palepale.

"Shemeji," akasema, "unaona nini pale?"

"Moshi," Waridi akasema. "Ayoubu, ninaona moshi."

Ayoubu akainama, akapapasa chini kwa mikono miwili, kama mutu anayetafuta kafi yake.