Kitabu Ambacho Hakuna Aliyekisoma

Kila mwaka katika mwezi wa Karkidakam, mvua inapokuwa haijui kukatika, wapenzi wa vitabu vya Valiyara Damodaran hukutana kwenye maktaba ya kijiji kumkumbuka. Mwandishi huyo alifariki zamani na hakuwahi kukanyaga kijijini hapo, lakini watu humtaja kana kwamba aliwahi kuja kuazima sukari nyumba ya pili.

Hotuba ilikuwa ya Achuthan. Hakuna aliyemchagua, ilikuwa hivyo tu, kama kiti cha kona kilivyokuwa chake. Achuthan alikuwa amesokota biri ujana wake wote, zile sigara nyembamba za jani, na kusoma alijifunza ukubwani, kwenye darasa la usiku la maktaba hiyo hiyo, vidole vikiwa bado vinanuka tumbaku. Jambo hilo hakulificha. Alilivaa kama shati la sikukuu.

Na kila mwaka hotuba yake iliishia mahali pamoja: mwisho wa *Daraja la Kamba*. Baba mmoja, binti yake ametoroka na mwanamume asiyekubalika nyumbani. Baba hamfuati. Anachofanya ni kuacha mlango bila komeo, usiku na mchana, miaka nenda miaka rudi. Siku moja ya mvua, baba amelala, anasikia birika likiwekwa motoni. Haulizi ni nani. Anavuta shuka, anatabasamu.

"Ndugu zangu," Achuthan alikuwa akimalizia, "mtoto hafuatwi mbio. Mtoto anaachiwa mlango."

Watu walipiga makofi, wakainamia vikombe vyao. Kila mtu alijua kwamba mlango wa Achuthan mwenyewe haukuwa umekomewa tangu binti yake, Vanaja, aondoke na dereva wa lori la mbao, mtu wa dini nyingine, kwenda kuishi Virajpet, ng'ambo ya milima.

Mwaka huo maktaba ilikuwa imepata katibu mpya, Mwalimu Lijesh, kijana aliyehamishiwa shule ya kijiji baada ya sikukuu ya Vishu. Kwa heshima zote aliinuka na kusema kwamba badala ya hotuba, safari hii wangejadili kitabu kimoja, sura ya mwisho tu. Akatoa mfukoni *Daraja la Kamba*. Nakala ya maktaba ilikuwa imepotea zamani, na yeye alikuwa ameikuta hii mjini, kwa muuza vitabu chakavu.

"Nani ataanza?" aliuliza.

Watu wakakoroga chai. Mvua iligonga vigae.

"Mzee Pokkan?"

Pokkan, rafiki wa Achuthan tangu siku za kusokota, alijikuna shingo. "Mimi hicho sijakisoma, mwalimu."

"Si juzi uliniambia umesoma vyote?"

"Nilisema vyote. Sikusema hicho."

Watu wakacheka. Lijesh akamgeukia Bibi Saudamini, ambaye alikuwa ametunza funguo za maktaba tangu mwalimu huyo hajazaliwa. "Bibi?"

"Nilifika katikati, nikapata mjukuu."

"Mjukuu ana umri gani sasa?"

"Ameoa."

Kicheko kikawa kikubwa zaidi. Lijesh naye akafurahi, akaona mkutano umechangamka. "Basi leo tuungame," alisema. "Kila mtu aseme kitabu gani cha Damodaran hajakisoma. Mimi naanza: ile tamthilia yake imenishinda mara tatu, nasinzia."

Fundi cherehani akakiri kwamba husoma vile vyembamba peke yake. Mwenye duka la mbolea akasema mashairi hayajui kabisa, huwa anatikisa kichwa wenzake wanapotikisa. Lakini kila mmoja, akishamaliza kuungama lake, aliongeza kwa sauti ya chini: "Na hicho nacho. Hicho ulichoshika."

Achuthan alikuwa akiwatazama mmoja mmoja. Mwanzoni alicheka nao, kisha kicheko kikamkauka.

"Kwa hiyo miaka yote," alisema, "mimi nasema, nyinyi mnaitikia, na kitabu chenyewe hakuna aliyekifungua?"

"Tunakijua kwa kukusikia wewe, kaka," alisema Saudamini. "Inatosha."

"Haitoshi. Hicho ndicho kitabu chake bora. Mnajiita wapenzi wa Damodaran?"

"Na wewe, mzee?" Lijesh aliuliza. "Kwako kipi kimebaki?"

"Hakuna," alisema Achuthan. Kisha, kwa kuwa alikuwa mtu wa haki, akaongeza: "Hicho kwa macho sijakisoma. Nilikisikia bandani, kinywani mwa Ananthan. Kusomewa na Ananthan ni zaidi ya kusoma."

Na hapo hakuongopa. Katika banda la biri kulikuwa na desturi: mtu mmoja hakusokota. Alikaa kwenye kiti cha juu akawasomea wenzake, asubuhi gazeti, mchana hadithi, na wenzake wakamsokotea fungu lake ili jioni asirudi nyumbani mikono mitupu. Masikio yalikuwa kwa msomaji, macho na vidole kwenye jani. Hakuna aliyeinua kichwa. Ananthan alikuwa na sauti ambayo hata wenye kikohozi walizuia pumzi kuisikiliza. Alianza *Daraja la Kamba* kabla Vanaja hajaondoka, na sura ya mwisho ikaangukia wiki ile ile aliyoondoka. Achuthan hakuisahau siku hiyo. Ananthan alisoma polepole mno, akinyamaza katikati ya sentensi, kitabu amekisogeza karibu na kifua. Birika lilipowekwa motoni, mkasi ulimponyoka Achuthan, naye akalia mbele ya wanaume wenzake bila aibu. Jioni alikwenda nyumbani, akang'oa kigingi cha komeo.

"Nipe hicho kitabu, mwalimu," alisema sasa. "Nitawasomea mimi."

"Achuthan," Pokkan alisema, "chai inapoa."

"Chai ya hapa iliwahi lini kuwa ya moto?"

"Bajia basi. Kaa tule bajia."

"Pokkan, wewe kula. Masikio hayatafuni."

Saudamini alinyoosha mkono kana kwamba atakizuia kitabu, kisha akaurudisha mapajani. Achuthan alivaa miwani yake, akasimama wima kama walivyofundishwa kwenye darasa la usiku, akaanza.

Alisoma vizuri. Mvua kitabuni ilinyesha, mvua nje ilinyesha. Daraja la kamba lilikatika, baba hakulitengeneza. Nywele za baba zikageuka nyeupe. Achuthan alikuwa amekwisha kuiweka sauti yake tayari kwa ajili ya birika. Akageuza ukurasa. Mlango ukasukumwa, baba akaketi kitandani akaita jina la binti yake, na aliyeingia alikuwa mbuzi wa jirani. Mbuzi alitembea mpaka kwenye mkeka, akala ua lililokuwa limewekwa pale kwa ajili ya mgeni. Baba alianza kucheka, akacheka mpaka majirani wakaja kumshika. Mmoja wao alikuwa mwanamke mzee, naye akamwambia: mlango usiokomewa haumwiti mtu. Anayeita ni mwenye mdomo.

Msomaji haachi sentensi katikati. Achuthan aliisoma mpaka nukta ya mwisho, na sauti haikumtetemeka. Kisha akageuza ukurasa mwingine. Palikuwa na tangazo la mchapishaji.

"Birika liko wapi?" aliuliza.

"Birika gani, mzee?" alisema Lijesh.

"Kuna kurasa zimechanika."

"Kiko kizima, mzee. Mwisho wake ndio huo. Mzito, lakini ndio huo." Mwalimu aliwatazama wengine wamsaidie, akaona hakuna aliyeinua uso. Pokkan alikuwa akitazama miguu yake. Saudamini alikuwa ameziba mdomo kwa pindo la sari.

Hapo Achuthan akaelewa kwamba wote walikuwa wamekisoma.

Alikifunga kitabu, akakiweka mezani, akakisogeza kutoka ukingoni ili kisidondoke. Akachukua mwavuli wake, akatoka.

Pokkan alimkuta kwenye kijia cha minazi, maji yakiwa yamewafika vifundoni.

"Tangu lini?" Achuthan aliuliza bila kugeuka.

"Tangu siku ile. Mimi nilikuwa nimekaa nyuma ya kiti chake, niliposimama kuchukua majani nikaona ukurasa. Ananthan alikuwa hasomi, anatunga. Baadaye alituambia: 'Ningemsomea mbuzi, mtu ambaye binti yake ameondoka Jumanne?'"

"Na wengine?"

"Wengine walikisoma wenyewe baadaye. Saudamini akakificha cha maktaba, usije ukakiona."

"Mkaniacha nisimame mbele ya watu kila mwaka."

"Mwaka wa kwanza tulijua Vanaja atarudi, kwa hiyo hakukuwa na neno. Mwaka wa pili hivyo hivyo. Halafu tukaanza kuona aibu. Ananthan akafa, nani angekwambia? Ungeambiwa kuanzia wapi?"

Achuthan alitembea. Alikuwa akimfikiria mkewe, Madhavi. Kila sikukuu ya Onam, akipanga maua uani, Madhavi alikuwa akisema, "Ni saa chache tu kwa basi. Twende tumwone." Naye kila Onam alimjibu kwa kitabu. Alimweleza habari za birika kwa upole, kama mwalimu anavyomweleza mtoto mzito wa kuelewa. Madhavi hakujua kusoma, alimwamini. Katika maradhi yake ya mwisho hakuuliza tena.

"Kuna jingine," alisema Pokkan.

"Sema yote leo."

"Siku ya kuuchoma mwili wa Madhavi, Vanaja alikuja. Alisimama pale barabarani, kwenye mfenesi, na mumewe. Aliniuliza, 'Baba amesema niingie?' Nikamwambia mlango uko wazi. Akasema, 'Mlango nauona. Nauliza baba amesema nini.'"

"Mimi nilikuwa wapi?"

"Ulikuwa umekaa uani, kichwa chini. Nilikuja nikakugusa bega. Ukaniambia, 'Mtu yeyote asifuatwe, atakayekuja atakuja.' Nilidhani unajua kwamba yuko pale. Akangoja mpaka moshi ukaisha, wakaondoka. Aliniapisha nisiseme."

Achuthan alisimama. Maji yalikuwa yakipita kati ya miguu yake, yakibeba majani. Kisha wakaendelea mpaka nyumbani, wala hakumkaribisha Pokkan ndani wala hakumfukuza.

Asubuhi mvua ilikuwa imepungua kidogo tu. Pokkan alimkuta kibarazani amevaa mundu, ile shuka nyeupe ya kiunoni, iliyopigwa pasi, mfuko wa plastiki mkononi, ndani yake chipsi za ndizi, zile alizozipenda Vanaja akiwa mdogo. Alikuwa akihangaika na mlango. Kigingi alikuwa amekitafuta akakipata, lakini komeo lilikuwa limeota kutu, haliingii.

"Liache," Pokkan alisema. "Kuna nini cha kuibiwa humo?"

"Natoka. Mtu akitoka anafunga."

"Umetuma habari kwamba unakwenda?"

"Nani amtumie habari nani?"

"Achuthan, amekuwa mtu mzima sasa. Ana wajukuu, nimesikia. Huenda akakufungia wewe mlango."

"Huenda," alisema Achuthan. "Basi nitagonga."

Alisukuma komeo mara ya mwisho, likakatika, kipande kikambaki mkononi. Akakitazama, akakitia mfukoni. Akachukua kamba ya nazi, akaufunga mlango kwa fundo, kama watu wanavyofunga banda la kuku.

Basi la Virajpet lilikuwa likipiga honi huko chini barabarani. Pokkan alivuta kiti cha kibarazani, akaketi, akakunja mwavuli wake.

"Hilo la saa hizi hujaa vibarua wa mashamba ya kahawa," alisema. "Utasimama njia nzima."

"Nimekaa vya kutosha," alijibu Achuthan, akashuka kwenye matope.