Tikiti Halinyooshewi Kidole

Kafedha aliingia shambani kwake Junda saa kumi na mbili na robo asubuhi, kisu kiunoni, kuchagua matikiti ya kumuuzia Mwanarehema wa sokoni. Kuchagua tikiti si kazi ya kukurupuka. Kwanza unatazama kile kikono kilichojipinda karibu nalo: kikiwa kibichi, liache. Kisha unalipindua utazame lilipolalia. Pakiwa peupe, bado. Pakiwa na manjano, sawa. Mwisho unaligonga kwa kifundo cha kidole na kutega sikio. Likiitika kwa sauti nzito, limeiva.

Aligonga la kwanza, chini ya mkorosho. Likaitika kwa sauti ya Randu, mdogo wake wa tumbo moja.

"Kuanzia hapa mkoroshoni," lilisema tikiti, "mpaka kule kwenye ukuta wa kanisa."

Akaligonga tena, likasema yale yale. Sauti ilikuwa nzito, kwa hiyo akalikata.

Kwamba matikiti ya Kafedha hushika maneno, Junda nzima ilikuwa inajua. Tikiti ni maji, na maji hayasahau. Mwaka juzi yalishika mazoezi ya kwaya ya kanisa jirani, wateja wa Mwanarehema wakawa hawataki tikiti la sauti ya kwanza, wanataka la besi, eti ndilo lenye sukari. Mwaka jana yalishika redio ya fundi cherehani, matangazo ya vifo matupu, na hayo yalinunuliwa polepole. Kilichomtia Kafedha shaka ni kwamba Randu hakuwa amekanyaga shambani tangu Pasaka. Mwenyewe ndivyo alivyosema kwenye simu.

Tikiti la pili, hatua nne mbele, lilikuwa na sauti ya mwanamume asiyemjua, mtu wa haraka. "Mbona unanionyesha kwa ngumi? Kwani una kidole kibovu?"

La tatu likajibu, na Randu alikuwa akicheka ndani yake. "Tikiti halinyooshewi kidole, bwana. Ukilinyooshea linaoza. Marehemu mama alitukanya. Onyesha kwa kifundo, hivi."

Kafedha akakaa chini hapo hapo, baina ya matuta.

Hilo la kidole nani asiyelijua? Mama yao alikuwa akiwachapa vidole kwa mwiko wakisahau. Na Randu, mtu mzima na tai yake, karani wa bohari ya mafuta huko Changamwe, hakuwa amesahau. Alikuwa amekunja kidole chake vizuri, akalionyesha shamba zima kwa kifundo, na tunda hata moja halikuharibika. Laiti angekinyoosha! Matikiti yangelainika yote kwa siku mbili, yakaoza pamoja na maneno yake, na Kafedha angelia mavuno tu. Lakini Randu aliyahurumia, nayo yakaiva, na sasa yalikuwa yanasema.

Akainuka. Alifuata njia waliyopita wale wawili, nduguye na mnunuzi wake, tikiti kwa tikiti, akigonga.

"Na dada yako?" liliuliza moja karibu na kisima.

"Dada hana neno," likasema la pili yake. "Dada nikimwambia hili jeupe, atasema jeupe. Na hati ina jina langu peke yangu."

Hilo lilikuwa kweli. Siku maofisa walipokuja kuandikisha mashamba, Kafedha ndiye aliyesema liandikwe jina la Randu. Yeye ni mwanamume, alisema, na anajua kusoma, na mimi na yeye ni kitu kimoja. Maofisa walimuuliza mara mbili, naye mara mbili akajibu hivyo hivyo, tena kwa maringo, maana shule ya Randu ilikuwa imetoka kwenye matikiti haya haya. Kinyesi cha mbuzi alikibeba yeye, maji ya kisima aliyateka yeye, na makuti ya kuyalazia matunda yasiguse udongo aliyasuka yeye. Iliuma, wacheni maneno. Iliuma mpaka akasahau kisu kilikuwa mkono gani.

La mwisho lilikuwa dogo, limeegemea ukuta wa kanisa. "Basi walete mafundi wa kujenga Alhamisi ya mwisho wa mwezi," lilisema kwa sauti ya Randu. "Lakini mwache avune kwanza. Msimu huu yamekubali."

Mwanarehema alikuja na tuktuk yake saa mbili. Aligonga machache, akasikiliza, akatikisa kichwa.

"Wallahi, Kafedha, huyu si nduguyo?"

"Ndiye."

"Pole, mamangu. Kikulacho ki nguoni mwako." Akagonga jingine. "Nitachukua arubaini. Ila hilo la 'dada hana neno' usinipakilie. Wateja wangu wengi ni madada, watanirudishia."

Hilo Kafedha alibaki nalo. Akalifunga kwa leso pamoja na lile dogo la mafundi, akaenda kwa Dishon, mzee wa mtaa, mtu wa miwani na faili. Dishon aliyagonga kwa kalamu, akayasikiliza moja moja akiwa amefumba macho.

"Sauti ni yake," akasema. "Ushahidi umeiva, hilo sipingi. Lakini hati haigongwi, mama. Hati inasomwa."

"Na maneno aliyosema mwenyewe kwa kinywa chake?"

"Nitayaandika." Akaandika: matikiti mawili, yamesikizwa. Kisha akauliza, kwa adabu, kama lile la mafundi angeweza kulibakisha. Lilikuwa limeiva sana, na watoto wake walikuwa hawajala kitu kitamu tangu Krismasi.

Jumapili, baada ya ibada, Randu alifika na mkate wa sukari.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Kaa."

Tikiti lilikuwa limelala kwenye ndoo ya maji ya kisima tangu alfajiri, baridi kabisa. Kafedha akamwekea mbele. "Gonga mwenyewe uone kama limeiva."

Randu akakunja kidole kama alivyofundishwa, akagonga. Akalisikiliza mpaka mwisho, dada hana neno, jeupe, jina langu peke yangu.

"Limeiva," akasema.

Kafedha akalipasua kwenye sinia. Lilikuwa jekundu mpaka kwenye ganda, na chumvi kidogo tu lilihitaji. Randu akala kipande, maji yakamtiririka hadi kwenye kiwiko, kama zamani.

"Nilikuwa nitakwambia baada ya mavuno."

"Najua. Nimesikia."

"Nilikuwa mwangalifu, dada. Halikuoza hata moja."

"Matikiti umeyahurumia, Randu. Mimi je?"

Randu akatazama sinia. "Alhamisi mafundi wanakuja," akasema. "Usiache ndoo zako huko."

Miaka arubaini na tatu kidole cha Kafedha hakikuwahi kunyooka mbele ya tikiti. Sasa alikinyoosha. Akamwelekezea mdogo wake kifuani, kupitia juu ya sinia, na wala hakukishusha.

Vipande vya tikiti vilivyokuwa kati yao vikalegea kwanza. Vikabadilika rangi, vikatoa povu pembeni, maji meusi yakaenea sinia nzima na harufu ikapanda. Inzi walikuja papo hapo. Kafedha akasubiri, kidole juu, macho kwa Randu, akimtazama uso, shingo, mikono.

Randu hakuoza. Alikuwa mzima, shati limenyooka, shavu linang'aa maji ya tikiti. Aliisukuma sinia pembeni, akapangusa vidole vyake kimoja kimoja.

"Lipo jingine, dada?" akauliza.